Trela Inapokwenda Mrama: Boti ya Mjomba, Hamali wa Kongowea na Gari Lenye Akili

Tulikuwa tumeipita Vipingo, mkonge umetanda kando ya barabara, Mjomba yuko kwenye usukani na boti yake iliyotoka kupakwa rangi Mtwapa inatufuata juu ya trela. Mshale wa mwendo ulikuwa umegota tisini. Basi la abiria likaja kwa nyuma, likatupita mbio, na lilipotuacha nikahisi kiti kinasogea chini yangu: kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena kwa nguvu zaidi. Kwenye kioo cha pembeni ubavu wa boti ulikuwa ukichungulia na kujificha, ukichungulia na kujificha.

Kisha gari likafanya jambo ambalo Mjomba hakuliamuru. Taa ya njano ikapepesa kwenye dashibodi, breki zikanguruma zenyewe, injini ikapoteza nguvu ingawa mguu wake ulikuwa bado umekanyaga mafuta, na baada ya sekunde chache tukawa tunakwenda sitini, trela imenyooka kama haijawahi kufanya lolote. Mjomba akacheka.

“Umeona, mwanangu? Gari hili lina akili. Sasa hata mia twaenda.”

Sikumjibu pale pale, maana mzazi wako hasahihishwi akiwa ameshika usukani. Lakini alikosea. Kilichotuokoa hakikuirekebisha trela hata kidogo. Kilitupunguzia mwendo tu, na ugonjwa wenyewe ukabaki palepale nyuma yetu, ukisubiri tufike tisini tena.

Kwanza tuelewane ni trela ipi. Mombasa ukisema trela, wengi wanaona yale malori marefu ya makontena yanayotoka bandarini Kilindini kuelekea Mariakani. Yale yana hatari zake, kama kujikunja katikati kama kisu cha mfukoni au kupinduka kwenye kona, ila si haya ninayoyasema. Kontena lile huegemeza sehemu kubwa ya uzito wake juu ya magurudumu ya nyuma ya kichwa cha lori. Ninayoizungumzia ni trela ndogo inayofungwa nyuma kabisa ya gari, kwenye tufe la chuma lililopachikwa kwenye tobaa, chuma cha kuvutia kilicho nyuma ya gari (si toba, ingawa nimeona madereva wakiomba toba kwa sababu yake): trela ya boti, ya jenereta ya harusi, ya tangi la maji, ya mahema na viti. Tufe lile liko mita moja au zaidi nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari, yaani mhimili wa magurudumu. Kila trela inapousukuma mkia wa gari upande mmoja, umbali huo unafanya kazi ya wenzo, na pua ya gari inageukia upande mwingine. Ndiyo maana pikapu ndefu huvuta kwa utulivu kuliko gari fupi lenye mkia mrefu nyuma ya tairi.

Mabaharia wetu wana neno zuri la chombo kinachotikisika hadi kikashindwa kushika njia: kwenda mrama. Trela nayo huenda mrama, kwa kanuni ambayo mtoto yeyote aliyepanda pembea siku ya Idi uwanjani Makadara anaijua mwilini hata kama hajui kuieleza. Pembea ikisukumwa mara moja, itakwenda na kurudi, kila mara kwa upungufu, hadi isimame. Ikisukumwa tena na tena kwa wakati wake, itapanda hadi mama aanze kupiga kelele. Trela iliyoguswa na upepo au shimo ni pembea iliyosukumwa mara moja. Swali la kuuliza ni: kila inaporudi, inapungua au inaongezeka?

Jibu liko kwenye tairi na mwendo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Trela inapoteleza kwenda ubavuni, tairi zake hazielekei tena kule inakokwenda. Kunakuwa na pembe ndogo kati ya mwelekeo wa tairi na mwelekeo wa safari, na ni pembe hiyo inayozaa nguvu ya kuizuia. Tuseme mkia wa trela unasogea ubavuni kwa kilomita moja kwa saa. Ukiwa kwenye mwendo wa 40, pembe ile ni kama moja kwa arobaini. Ukiwa kwenye 80, msogeo uleule unakuwa moja kwa themanini. Pembe imepungua nusu, na nguvu ya kutuliza imepungua nusu. Trela ni ileile, barabara ni ileile, tairi ni zilezile. Mwendo peke yake umeiondolea nusu ya uwezo wake wa kujituliza.

Kwa hiyo kila msafara wa gari na trela una mwendo wake wa mpaka. Chini ya hapo, mtikisiko wowote hufa wenyewe. Karibu na hapo, hauishi upesi. Juu yake, kila mrudio unauzidi uliotangulia, hadi trela ilivute gari pembeni au lipinduke. Mpaka huo haukuandikwa popote kwenye gari, kwa sababu haumo ndani ya gari peke yake. Kwa sehemu kubwa unatokana na namna ulivyopakia asubuhi ile. Trela iliyopakiwa vizuri inaweza kuwa na mpaka ambao hutaufikia kamwe katika barabara zetu. Ileile ikipakiwa ovyo, mpaka unashuka hadi themanini, hadi sabini.

Kuhusu kupakia, mwalimu wangu si mhandisi. Ni hamali mmoja wa soko la Kongowea. Nilisimama siku moja nikimtazama akipanga magunia ya viazi kwenye mkokoteni wake wa magurudumu mawili. Kila gunia alilisogeza mbele kidogo, akanyanyua mikono ya mkokoteni, akatikisa kichwa, akasogeza tena. Nikamuuliza anatafuta nini.

“Uzito wa mkononi,” akasema. “Ukizidi mbele, naumia mgongo. Ukizidi nyuma, mkokoteni ndio utaniinua mimi.”

Hiyo ndiyo kanuni yote. Trela lazima iegemee gari kidogo. Sehemu ya uzito wake inapaswa kukandamiza tufe la tobaa kwenda chini, kama mikono ya mkokoteni inavyokandamiza viganja vya hamali. Ikiwa uzito umekaa nyuma ya ekseli ya trela, shingo yake, yaani chuma cha mbele kinachokaa juu ya tufe, inalinyanyua gari kwa nyuma, tairi za nyuma za gari zinapungukiwa na mshiko, na mkia mzito wa trela unataka kutangulia. Marekani wanashauri uzito wa shingo uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela iliyopakiwa. Kwa misafara ya Uingereza ushauri uliozoeleka ni asilimia 5 hadi 7, kwa sababu tobaa nyingi za Ulaya zina kikomo kidogo cha kubeba, na mwendo wa kuvuta kule ni wa chini. Trela ya kilo 1,000 basi ingeegemeza kilo 50 hadi 70 kwa hesabu ya Waingereza, na 100 hadi 150 kwa ya Wamarekani. Bamba la tobaa yako ndilo litakalokuambia usizidishe wapi.

Kupima si kazi ngumu. Weka mizani ya kupimia watu chini ya shingo, juu ya tofali hadi ifikie kimo cha tufe, trela ikiwa imepakiwa na imesimama sawa. Ukihofia kuivunja mizani, tumia ubao: upande mmoja uegemee tofali, upande wa pili uwe juu ya mizani, shingo itue kwenye ubao futi moja kutoka kwenye tofali, na mizani iwe futi tatu kutoka hapohapo kwenye tofali. Zidisha kwa tatu namba inayosomeka, baada ya kuondoa uzito ambao ubao wenyewe uliuweka kwenye mizani. Na usalama wako ni tairi la trela lililozuiwa kwa jiwe kabla hujaanza, maana kubanwa vidole na shingo ya trela si jambo la hadithi.

Sasa rudi kwenye boti ya Mjomba. Boti ni mzigo wa ajabu kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya maji, na majini mashine inakaa tezi, yaani nyuma ya chombo. Mashine ya nguvu farasi 40 ina uzito wa kama kilo 70, imening'inia mwisho kabisa wa chombo. Tuseme iko mita moja na nusu nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi tufe ni mita nne. Kilo 70 mara moja na nusu, gawanya kwa nne: mashine peke yake inaipunguzia shingo kilo 26. Mjomba alikuwa pia ameweka madumu mawili ya petroli ya lita 25 karibu na mashine, kila moja kilo 18 na ushei, na hayo yakaipunguzia shingo kama kilo 11 nyingine. Jumla 37. Kama shingo ilikuwa na kilo 60 za kuanzia, sasa imebaki na 23, kwenye trela ya kilo 800. Hiyo haifiki hata asilimia 3. Bado sijataja nanga, nyavu na sanduku la barafu, ambavyo, bila shaka, vilikuwa nyuma.

Kuna kosa la pili ambalo mizani haiwezi kuliona. Unaweza kupata uzito wa shingo ulio sahihi kwa kuweka nanga nzito mbele kabisa ili ishindane na mashine iliyo nyuma kabisa. Mizani itafurahi, trela haitafurahi. Uzito uliokaa kwenye ncha mbili unakuwa mgumu kuusimamisha ukishaanza kuzunguka. Chukua ufagio ushike katikati, uzungushe kulia na kushoto. Kisha funga chupa ya maji kila ncha ujaribu tena. Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Najua walikuwa wakisema mambo ya dunia, lakini kwa mtu anayepakia trela methali hiyo ichukuliwe neno kwa neno: visiwe tezi wala omo, nyuma wala mbele kabisa; vitu vizito viwe ngamani, katikati ya chombo, karibu na ekseli, mbele yake kidogo.

Tangi la maji nalo lina fitina yake. Likijaa, maji yanatulia. Likiwa nusu, yanakimbia huku na huko, na kila yakigonga ukuta wa tangi ni kama mtu anayeisukuma ile pembea. Wanaouza maji mtaani wanalijua hili kuliko mimi.

Sasa tulichunguze hilo gari lenye akili. Mfumo unaozuia trela kuyumba haukuanza kama mfumo wa trela. Ni mtoto wa ule mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuteleza, uliotengenezwa na Bosch pamoja na Mercedes-Benz na kuingia sokoni mwaka 1995. Gari lilikuwa tayari na sensa ya kupima kasi ya kugeuka kwake, sensa ya pembe ya usukani na sensa ya mwendo wa kila gurudumu. Kompyuta ililinganisha mambo mawili: dereva anataka kwenda wapi, na gari linakwenda wapi. Baadaye wahandisi wakaona kwamba gari linalovuta trela inayoyumba lina saini yake: mkia unakwenda kushoto na kulia kwa mpigo unaolingana, ilhali usukani umetulia. Hakuna dereva anayeendesha hivyo, kwa hiyo ni trela. Ford waliuweka mfumo huu kwenye pikapu ya F-150 ya mwaka 2009, na Toyota wanao kwenye Hilux ya kizazi kilichotoka 2015 katika masoko mengi.

Ukishaitambua saini hiyo, mfumo hufanya mambo mawili. Unafunga breki ya gurudumu moja la gari kisha la upande wa pili, kinyume na mpigo wa trela, kama mtu anayeisukuma pembea wakati usiofaa ili isimame. Na unapunguza nguvu za injini, ukiongeza breki ikibidi, hadi mwendo ushuke. Kazi ya kwanza ndiyo inayosifiwa kwenye matangazo. Kwa maoni yangu ya pili ndiyo inayookoa watu, kwa sababu inaurudisha msafara chini ya ule mwendo wa mpaka, mahali ambapo tairi za trela zenyewe zinaweza kumaliza kazi.

Ndiyo maana mfumo huu ni kama dawa ya kutuliza homa. Homa imeshuka, malaria ipo. Haujui umepakia nini. Hauongezi hata gramu moja kwenye shingo. Hutumia mshiko wa tairi za gari, na kama barabara imelowa mvua za masika na tairi zimekwisha, hauna cha kushika. Mtu aliyeona taa ikipepesa amepata taarifa kwamba trela yake ni mbovu. Mjomba aliisoma kama leseni.

Na mara nyingine haupo kabisa ingawa unadhani upo. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki) ikiwaka daima kwenye dashibodi, na Mombasa tumeizoea taa hiyo kama picha ya ukutani, basi mfumo wa kuzuia kuteleza na mtoto wake wa trela kwa kawaida vimelala. Katika baadhi ya magari ya Ulaya, Volkswagen kwa mfano, mfumo huamka tu pale gari linapotambua kwamba plagi ya trela imechomekwa, na mwendo umepita kama kilomita 60 kwa saa. Fundi wa umeme akikata nyaya za taa za nyuma na kuziunga moja kwa moja kwenye trela, taa zitawaka vizuri sana, kompyuta itaamini gari liko peke yake, nawe utalipa shilingi zako ukishukuru.

Viko vifaa vingine visivyotegemea gari. Kimoja ni kishikio kinacholibana tufe kwa vipande vya msuguano, ili shingo isizunguke kirahisi. Hicho kinataka tufe kavu. Mafundi wetu hupaka grisi kila chuma kinachogusana na kingine, na kwa kishikio cha kawaida wako sahihi, ila kwa hiki grisi ni sawa na kupaka mafuta kwenye breki. Kingine hukaa kwenye ekseli ya trela, kama kile cha kampuni ya Kijerumani ya AL-KO. Kinahisi trela ikirushwa ubavuni, kisha kinavuta breki za trela. Hicho nakipenda zaidi kuliko vyote, kwa sababu kinashika mkia. Kamba ikivutwa kwa nyuma hunyooka.

Jambo hilohilo ndilo linaloeleza dereva afanye nini kama hana kompyuta wala kifaa. Breki za gari zikikanyagwa kwa nguvu, gari linasimama na trela inaendelea kusukuma, yaani kamba inasukumwa badala ya kuvutwa, nayo hujikunja. Ukizungusha usukani kuifuata trela unachelewa: mrudio mmoja huchukua sekunde moja au mbili, na hadi macho yaone na mikono itii, wimbi limeshageuka, nawe unalisukuma pale pale linapotaka kwenda. Wako wanaosema ukanyage mafuta ili uinyooshe. Kweli inanyooka kwa sekunde moja, halafu uko kwenye mwendo mkubwa zaidi na mtikisiko uleule. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima bila kubishana nao, uache gari lipungue lenyewe. Kama trela ina breki za umeme zenye kidhibiti cha mkono, kamata hizo peke yake, bila za gari.

Kwa sababu hiyo mteremko wa kutoka Mazeras kushuka Miritini ni mahali pabaya kujaribia bahati. Kwenye mteremko trela inakusukuma tangu mwanzo, hata kabla hujagusa breki. Shuka kwa gia ndogo, ukiwa umeshapunguza mwendo juu kabisa. Upepo nao una kalenda yake. Kaskazi ukienda Malindi unakupiga zaidi usoni. Kusi, kuanzia Aprili au Mei, linakuja kutoka upande wa bahari na kukushika ubavuni, hasa penye uwazi, kama juu ya madaraja marefu ya barabara ya Dongo Kundu ambako hakuna mnazi wala nyumba ya kukukinga. Boti yenye turubai ni tanga lisilo na nahodha.

La mwisho ni chumvi. Trela ya boti huzamishwa baharini ikiwa na beringi za moto, zinapoa ghafla na kunyonya maji. Breki zake zinashika kutu, na mara nyingi upande mmoja hufa kabla ya mwingine, kwa hiyo unapopunguza mwendo trela inavutwa pembeni. Maji baridi ya bomba baada ya kila safari, dakika kumi, na tairi zenye upepo kamili, za gari na za trela, maana tairi laini huyumba ubavu wake kabla hata trela haijaanza.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Mjomba na mizani ya bafuni ya mke wangu. Tulilegeza nguzo ya winchi tukaisogeza mbele, tukaivuta boti sentimita 15. Boti na mashine ni kilo 550, kwa hiyo hizo sentimita 15 pekee ziliipa shingo kama kilo 20. Madumu tukayatia kwenye pikapu, sanduku la barafu tukaliweka mbele kidogo ya ekseli. Kusi lilikuwa limekaza siku tuliyoondoka, na karibu na Takaungu basi mbili zikatupita zikifuatana. Trela ilitikisika mara moja, ikatulia.

Mjomba aliitazama dashibodi hadi Kilifi. Tulipofika akazima gari, akagonga kioo cha dashibodi kwa kidole.

“Itabidi nimpelekee fundi,” akasema. “Ile taa leo haikuwaka hata mara moja.”